Nunua Mtambo Kabla ya Mtungi: Kuchagua Zana za Programu ya Malipo

Kuna swali ambalo wateja wetu wa Siongiroi, Sotik hadi Litein hutuuliza karibu kila wiki, na huwa linakuja hivi: "Tunataka apu ya kikundi. Kijana wetu mmoja anasema Flutter, mwingine anasema Kotlin. Nyinyi mnasemaje?" Anayeuliza huwa ni mwekahazina wa kikundi cha maziwa, mwenye agroveti, au mhasibu wa shule. Kamati imeshakaa mara mbili, pesa imeshatengwa, na kila mtu anangoja kutajiwa jina la zana ili kazi ianze.

Jibu letu huwaudhi kidogo. Hilo ni swali la tatu, na kuna mawili yanayolitangulia. La kwanza: pesa ikishalipwa, inaandikwa wapi, na nani anahakikisha imeandikwa sawasawa? La pili: mkulima wako ana simu gani mkononi? Ukiyajibu hayo mawili, la Flutter na Kotlin linabaki dogo tu. Ukianza na la tatu, utapata apu ya kupendeza na vitabu visivyolingana.

Somo liko hapo hapo Siongiroi

Watu wa mbali wakisikia Kericho na Bomet huwaza majani chai peke yake. Lakini Siongiroi, huku Chepalungu, jina lake limejengwa zaidi na maziwa. Mtambo wa kupoza maziwa ulianza hapo 2004, wakulima wakishirikiana na shirika la Heifer International. Mfano wake ukaja kutumiwa na mradi wa East Africa Dairy Development, ulioanza 2008 katika Kenya, Uganda na Rwanda. Wazo lenyewe si gumu: weka mtambo wa kupoza kwanza, kisha huduma nyingine ziuzunguke. Agroveti, usafiri, daktari wa mifugo, na mikopo inayokatwa kwenye malipo ya maziwa, zote zinaegemea lile tangi.

Mgeni akija hapigi picha tangi. Anapiga picha mtungi unaong'aa juu ya boda boda. Lakini tangi likizima usiku mmoja, mitungi yote ya kesho asubuhi haina kazi.

Programu ya malipo nayo ina mtungi na mtambo. Mtungi ni apu: rangi, vitufe, nembo ya kikundi. Mtambo ni huduma ya nyuma ya pazia, yaani ile programu inayokaa kwenye seva usiku na mchana ikipokea taarifa za malipo, kuziandika na kuzilinganisha. Msimamo wetu ni huu: sehemu kubwa ya bajeti na muda wako iende kwenye mtambo. Kamati nyingi tunazokutana nazo hufanya kinyume, na si kosa lao. Mtungi unaonekana kwenye mkutano mkuu, mtambo hauonekani.

Safari ya shilingi 500

Tufuate malipo mamoja. Mkulima amesimama kwenye agroveti. Karani anaandika namba yake ya simu na kiasi, shilingi 500, kisha anabonyeza. Seva yako inatuma ombi kwenye lango la malipo. Kwa M-Pesa lango hilo linaitwa Daraja, ambalo Safaricom ililifungulia watengenezaji programu mwaka 2017. Lango linajibu papo hapo: ombi limepokelewa.

Hapo ndipo mafundi wachanga hujikwaa. "Limepokelewa" si "limelipwa". Mkulima bado hajaona hata kile kisanduku cha kuweka PIN. Jibu la kweli linakuja baadaye, peke yake, kwenye anwani uliyoipa seva yako. Likiwa na namba 0, pesa imelipwa. Likiwa na 1032, mteja amekataa. Kati ya ombi na jibu zinaweza kupita sekunde chache, au dakika nzima, au jibu lisifike kabisa kwa sababu wakati huo seva yako ilikuwa imezima.

Sisi wenyewe tumewahi kuteleza hapa. Mfano wa kwanza wa msimbo tuliowapa wateja ulikuwa ukitoa risiti mara tu ombi linapopokelewa. Duka moja likatoa mifuko miwili ya chakula cha ng'ombe kwa malipo ambayo hayakukamilika. Mwenye duka hakupiga kelele. Alituletea daftari lake tu, mistari miwili imepigwa wino mwekundu. Tulimlipa, tukaufuta ule mfano siku hiyo hiyo.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, maana anayeumia ni mkulima. Pesa imekatwa kwenye simu yake, ujumbe anao, lakini seva haikupata taarifa. Karani anaangalia skrini anasema, "Mzee, haijaingia." Mzee analipa mara ya pili. Jioni anawaambia majirani kwamba ile apu inakula pesa, na mwezi ujao wote wanarudi kulipa taslimu. Imani ikitoka hivyo, hakuna rangi ya kitufe itakayoirudisha.

Kwa hiyo mtambo wako, hata ukiandikwa kwa lugha gani, lazima ufanye mambo haya:

- Uandike malipo mara moja tu. Lango linaweza kutuma taarifa ile ile mara mbili. Hifadhidata yenyewe iwekewe sharti kwamba namba ya muamala haijirudii, ili taarifa ya pili ikija ikataliwe bila kuleta vurugu.
- Uulize unapokosa jibu. Dakika imepita na hakuna taarifa? Seva iulize lango: muamala huu umeishia wapi? Karani asiwe ndiye wa kukisia.
- Usimwamini kila anayebisha hodi. Anayeijua anwani ya seva yako anaweza kuitumia taarifa ya uongo kwamba amelipa. Kabla ya kutoa bidhaa ya thamani, seva ithibitishe na lango lenyewe.
- Ulinganishe kila jioni. Taarifa ya akaunti kutoka kwa kampuni ya malipo upande mmoja, vitabu vyako upande wa pili. Tofauti yoyote ipelekwe kwa mtu mwenye jina, si kwenye faili ambalo hakuna anayelifungua.
- Uhesabu kwa senti kamili. Pesa ihifadhiwe kama namba nzima ya senti, si kwa zile namba za desimali ambazo kompyuta hukadiria. Vipande vidogo vya senti, vikizidishwa kwa wakulima mia nne na siku thelathini, vinakuwa ugomvi.

Lugha gani basi? PHP, Python, Java, Node.js, zote zinaweza. Hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL inatosha kabisa kwa kikundi cha ukubwa wowote tuliokutana nao huku. Tunapendelea zana iliyozoeleka kuliko iliyotoka juzi. Zana iliyozoeleka, makosa yake yanajulikana, na fundi wa pili anapatikana.

Jambo moja zaidi kuhusu mtambo: upime kwa siku mbaya, si kwa siku ya kawaida. Kwa wateja wetu wa ukanda wa chai siku hiyo inajulikana. Viwanda vya KTDA kama Kapkoros, Mogogosiek na Litein vikitoa bonasi, mara nyingi kuelekea Oktoba, watu wanalipa madeni ya agroveti na karo mchana ule ule. Seva inayojaribu kumaliza kila kitu kwa pumzi moja itakwama. Iliyoandikwa vizuri inaipokea taarifa, inaiandika, inajibu "nimepata", kisha inazishughulikia zilizobaki kwa foleni, moja baada ya nyingine.

Simu ya nani?

Sasa swali la pili. Kabla hujachora apu ya mkulima, simama kwenye kituo cha kukusanyia maziwa asubuhi moja na uangalie simu zinazotoka mifukoni. Utaona simu za kisasa, ndiyo, lakini utaona pia kabambe, na utaona simu ya kisasa ambayo bando liliisha Jumapili.

M-Pesa yenyewe ilianza Machi 2007 kwenye menyu ya laini ya simu, haikuhitaji simu ya kisasa wala intaneti. Leo ina apu, lakini *334# bado inafanya kazi kwenye kabambe yoyote. Kama kampuni kubwa kiasi hicho haijamwacha mwenye kabambe, kikundi cha watu mia tatu kina sababu gani ya kumwacha?

Kwa mkulima anayetaka tu kujua lita zake na salio lake, menyu ya USSD pamoja na SMS ya risiti mara nyingi hutosha. Ila USSD ina masharti yake. Kikao chake ni kifupi, mtu akisita kidogo kinakatika. Kwa hiyo menyu iwe ya hatua mbili au tatu, si sita. SMS iandikwe kwa lugha ambayo wanachama wanaisoma bila kuita mtoto wa shule, na ianze na kile anachokitafuta: lita, pesa, tarehe. Salamu na tangazo la mkutano vije mwisho.

Usiigeuze simu kuwa seva

Kuna njia ya mkato ambayo tunaletewa mara nyingi, na tunaipinga wazi. Fundi anasema: "Hakuna haja ya seva wala lango. Tutaweka apu kwenye simu ya duka, iwe inasoma SMS za malipo zikiingia, inaandika yenyewe." Ni rahisi, na siku ya maonyesho inafanya kazi vizuri sana.

Tatizo la kwanza ni kwamba Android haipendi programu inayokesha nyuma ya pazia. Tangu Android 6 ya 2015, simu iliyolala mezani huzibana programu ili kuokoa betri. Android 8 ya 2017 iliongeza masharti kwa huduma za nyuma. Watengenezaji wa simu za bei nafuu nao wana ukali wao juu ya huo. Hivyo apu yako inaweza kuuawa kimya kimya saa nane mchana, na hutajua mpaka jioni hesabu zikikataa.

La pili, SMS inaweza kughushiwa. Wakora wanajua kutuma ujumbe unaofanana na wa malipo, na hapa msomaji wao atakuwa mashine isiyojua kutilia shaka. La tatu, Google Play tangu 2019 imebana sana programu zinazoomba ruhusa ya kusoma SMS. Utaishia kuisambaza apu yako kwa mkono, simu kwa simu, na kila sasisho itakuwa safari ya boda boda. La nne ndilo rahisi kuliko yote: simu huzima, huanguka, huibiwa. Vitabu vya kikundi havifai kuishi mahali pamoja na betri ya mtu.

Sasa ndiyo Flutter au Kotlin

Baada ya hayo, nani anabaki akihitaji apu kweli? Mara nyingi ni karani wa kituo cha kukusanyia, yule anayepima maziwa alfajiri mahali ambapo mtandao unakuja na kwenda kama mawingu. Huyu anahitaji apu inayoandika hata bila mtandao. Kumbukumbu zikae kwenye simu kwanza, kwa SQLite, kisha zitumwe mtandao ukirudi. Kila kumbukumbu ipewe namba yake ya pekee pale pale kwenye simu, ili ikitumwa mara mbili isihesabiwe mara mbili. Hili ni lile sharti letu la kwanza la mtambo, limerudi kwa mlango mwingine.

Kwa kazi hiyo, Kotlin ni chaguo zuri. Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017 na kuipa kipaumbele mwaka 2019. Zana yake ya WorkManager imetengenezwa kwa kazi za aina hii hasa: kutuma baadaye, mtandao ukipatikana, hata simu ikiwa imezimwa na kuwashwa. Kama makarani wote wanatumia Android, na huku wengi wao ndivyo walivyo, hatuoni sababu ya kuzunguka.

Flutter, iliyotoka toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018, hukuwezesha kuandika mara moja na kupata ya Android na ya iPhone. React Native, iliyotolewa na Facebook 2015, hufanya vivyo hivyo kwa JavaScript. Zote mbili ni nzuri kwa skrini. Ila kwa kazi za nyuma ya pazia, nyingi hupitia viungo vya ziada, na baadhi ya viungo hivyo hutunzwa na watu wa kujitolea. Muulize fundi wako: kiungo hiki kinatunzwa na nani, na mara ya mwisho kilisasishwa lini? Kama anakijua na ana jibu, sawa tu, mwache afanye kwa Flutter. Fundi anayeijua zana yake vizuri ni bora kuliko zana bora kwa fundi anayebahatisha.

Na ofisi? Mhasibu aliye na kompyuta hahitaji apu hata kidogo. Ukurasa wa wavuti wenye nenosiri unamtosha.

Kabla ya kulipa, chukua simu ya bei ya chini kabisa iliyo kwenye kamati na uweke hiyo apu. Angalia inakula bando kiasi gani kupakua, inafunguka kwa sekunde ngapi, na inafanya nini ukizima mtandao katikati ya kazi. Dakika kumi za jaribio hilo zitakuambia mengi kuliko maonyesho ya saa nzima.

Zana hufa, mafundi huhama

Mwaka 2016 watengenezaji programu duniani kote walipata habari kwamba Parse, huduma ya seva iliyokuwa ya Facebook, ingefungwa. Ilifungwa Januari 2017. Waliokuwa wamejenga kila kitu juu yake walipewa mwaka mmoja wa kuhama. Xamarin ya Microsoft nayo iliishiwa na msaada rasmi Mei 2024. Hizi zilikuwa zana za kampuni tajiri, si za mtu mmoja gereji. Kwa hiyo usiulize tu zana inafanya nini leo. Uliza pia: ikifungwa, data yetu tunaitoaje, na kwa muda gani?

Tunalokutana nalo mara nyingi zaidi, kusema ukweli, si kufa kwa zana bali kuondoka kwa fundi. Kijana mzuri anapata kazi Nairobi, na hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba akaunti ya Google Play ni ya barua pepe yake, jina la tovuti liko kwa jina lake, seva inalipiwa na kadi yake, na msimbo uko kwenye kompyuta yake ya mkononi. Wala hajaiba kitu. Hakuna aliyemwambia afanye vingine. Siku seva ikisimama, kikundi kinabaki kumpigia simu mtu aliye kwenye mkutano wa kazi nyingine.

Kila kitu hicho kiwe kwa jina la kikundi tangu siku ya kwanza, na watu wawili wa kamati wawe na funguo. Pia kumbuka kwamba majina, namba za simu na mapato ya wakulima ni data ya watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama wewe ni kikundi kidogo. Kusanya unachohitaji tu, na usiache fundi aondoke na nakala.

"Lakini nyinyi pia mnauza"

Ni kweli. Sisi ni kampuni ya malipo, na ukiunganisha mtambo wako nasi tunapata. Ndiyo maana tunasema na hili: wapo wateja tuliowaambia wasitengeneze chochote. Kikundi cha watu arobaini, malipo mara moja kwa mwezi, mwekahazina mwaminifu na jedwali la kompyuta: namba ya paybill na taarifa ya akaunti vinatosha. Rudini mkifika mia mbili. Na yote tuliyoandika hapa yanasimama hata ukichagua kampuni nyingine.

Ukiamua kutengeneza, basi nenda kwa fundi na maswali haya sita kabla ya kusaini:

1. Taarifa ya malipo ikija mara mbili, nini kinatokea? Nionyeshe.
2. Tukizima seva katikati ya malipo ya shilingi 10, malipo hayo yataonekana baada ya kuiwasha?
3. Nani anaona tofauti za hesabu kila jioni, na anazionaje?
4. Mwenye kabambe anapata nini?
5. Apu ya karani inafanya kazi saa ngapi bila mtandao, na ikirudi hewani inarudia kumbukumbu?
6. Ukiondoka kesho, tunabaki na nini mkononi?

Fundi mzuri hataudhika na maswali haya. Atafurahi kwamba hatimaye kuna mteja anayeuliza. Akianza kukuonyesha rangi za skrini badala ya kujibu la kwanza, mshukuru kwa muda wake na umtafute mwingine. Mkulima anayeamka saa kumi alfajiri kukamua hatajua umetumia Flutter au Kotlin. Atajua tu kama lita zake zimeandikwa na kama pesa yake imefika.